Baba Twaha, Wasia Wako Umetuchosha

Mpendwa Baba Twaha,

Salaam nyingi, popote Mola alipokuweka. Nimetumwa na mwanao. Ana neno dogo la kukuambia, na kwa kuwa yeye limemshinda, amenipa mimi nilifikishe. Nitalifikisha, nimeahidi. Lakini unanijua, mimi si tarishi wa kubeba maneno ya watu na kuacha yangu nyumbani. Tangu uondoke nimemeza mengi, na leo utanisikiliza kwanza. Bahati nzuri safari hii huwezi kutazama saa ukasema unawahi zamu.

Nimekasirika, Baba Twaha. Nimekasirishwa na wasia wako. Ndio uliomweka mwanangu kwenye chumba chenye pazia zilizofungwa mchana kutwa, kijana wa miaka ishirini na kitu anayeumizwa macho na taa ya jokofu. Mimi nilitaka atoke kwenye hoki angali na akili zake, na kila nilipomvuta kuelekea mlangoni nilikukuta wewe, marehemu, umeshika kitasa.

Nikukumbushe hoki ilivyoingia nyumbani kwetu, maana nahisi wewe ungeisimulia vingine. Tulikuwa ndiyo kwanza tumepata ile nyumba ya ghorofani Dixon Road, hapa Toronto, ambako ndege zikishuka vikombe vinagongana kabatini. Twaha alikuwa darasa la pili. Shule iliwapeleka kwenye uwanja wa barafu, akarudi suruali imelowa hadi kiunoni, anataka kwenda tena. Nilidhani yatapita kama mafua. Lakini wewe, mpakuaji wa mizigo kule Malton, ulikuwa umeshagundua kwamba kazini hakuna mazungumzo ila hoki. Mtu wa Tabora, barafu umeizoea kwenye glasi ya juisi tu, unakaa kati ya wenzako kama mgeni asiyejua kilichowachekesha watu. Uliniambia nchi hii ukitaka mtu akusalimie mara ya pili, ujue nani kashinda jana. Wiki iliyofuata ukarudi na viatu vya barafu vya mtumba kwenye mfuko wa plastiki, kamba moja nyeusi na nyingine nyeupe.

Unakumbuka ulipotaka kumfundisha mtoto kitu usichokijua? Ulivaa makoti mawili, ukaingia barafuni umeng'ang'ania ubao wa pembeni, ukauachia kidogo tu, ukaenda chini kwa makalio. Twaha akakupita anacheka, akakuzunguka, akakupita tena. Nawe ukabaki umekaa palepale, unacheka mpaka machozi, watoto wa Kizungu wanakushangaa. Mimi nilikuwa nje ya ubao na chupa ya chai. Nikuambie kweli ambayo sikukuambia ulipokuwa hai: siku ile nilikupenda upya. Ndiyo maana hasira yangu hainiishi, kwa sababu huko nyuma kulikuwa kuzuri.

Tukaingia utumwani. Mazoezi ya alfajiri, wewe unatoka zamu hata viatu huvui, unamchukua mtoto na begi lake kubwa kuliko yeye mnaondoka. Na lile begi, Baba Twaha. Harufu yake ilikuwa haisemeki. Jasho la watoto wa hoki halifanani na jasho la binadamu. Nilianika kibarazani, nikapuliza manukato ya dukani, wapi. Mwisho nikafanya kama mama yangu alivyofanya nguo za sherehe: nikawasha chetezo, nikatia udi, nikaufunika ule uchafu wote kwa kanga ufukizwe vizuri. Kengele ya moto ikalia jengo zima. Watu wakashuka ngazi na watoto wao mgongoni, gari la zimamoto likaja, na mimi nikasimama chini pamoja nao, kanga begani inanukia udi. Wewe ulimwambia mzimamoto kwamba ni mambo ya kidini, akaandika, akaondoka. Jumamosi ile timu ya Twaha ikashinda, wenzake wakamwuliza anatumia nini kwenye nguo zake, na kocha akaniomba nifukize za timu nzima. Nilikataa, lakini nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Kisha likaja lile la ngumi. Twaha alikuwa na miaka kumi na miwili. Mtoto wa timu nyingine alimkwatua kwa gongo la kuchezea, yeye akamng'oa kofia na kumpiga ngumi ya pua. Mwamuzi akamtia kibandani, kile cha wanaoadhibiwa, mechi ikaendelea, watu wakaendelea kunywa kahawa. Mimi sikuweza. Mwanangu amemtoa damu mtoto wa mwenzangu, halafu tunakwenda nyumbani kula? Ukamwomba kocha anwani ya wale watu, kwa shingo upande, kocha akadhani tunataka kushtaki. Jumapili nikakaanga maandazi, nikayapanga kwenye sinia, nikaweka na kichupa cha ile asali ya Tabora uliyoifungia kabatini kama dhahabu, tukaenda sote watatu mpaka Weston, kwenye yale maghorofa ya zamani karibu na mto.

Yule mama alifungua mlango nusu. Nadhani alifikiri tunauza. Ukaniachia mimi niseme, mwoga wewe, nikasema kwa Kiingereza changu kile cha mwanzo: "Mtoto wetu amemuumiza mtoto wenu. Tumekuja kuomba radhi." Alisimama akatutazama mmoja mmoja. Akasema hii ni hoki, wala hakuna aliyekosa. Nikamwambia sinia ni zito. Ndipo akacheka, akafungua mlango wote, na mwanawe akatoka chumbani pua imevimba. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ukienda kuomba radhi usisikilize maneno, tazama chakula. Kikiliwa, yamekwisha. Yule mtoto alikula andazi kwa asali, akachukua jingine, akaenda kucheza na Twaha kwenye kompyuta.

Garini ukaniambia, "Mama Twaha, hapa mchezo ni mchezo." Nikakujibu, "Mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu." Hatukusemezana tena mpaka Dixon. Nimeukumbuka ubishi ule mara nyingi kuliko siku ya harusi yetu.

Maana angalia ilivyokuwa baadaye. Twaha alikuwa mfungaji. Hilo hakuna atakayenibishia, nilikuwa nimekaa palepale kwenye viti vya baridi na blanketi langu. Akafika miaka kumi na sita, timu ya vijana ya mji wa mbali ikamtaka, nasi tukamtoa mtoto akalelewe na familia ya watu, akalishwa tambi na jibini na mama mwingine. Mimi nilisema bado mdogo. Wewe ukanitolea methali yako ileile, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikakuambia haya si maji, ni barafu, hakuna anayeyaoga. Ukacheka, akaenda.

Huko kocha mpya akamtazama urefu wake, ule wa kwenu, akatazama mabega, akaamua kazi ya mwanangu ni kuwalinda wenye vipaji. Alivyosema hivyo kwenye simu, kwa adabu kabisa, nilimwuliza, kwani mwanangu yeye hana kipaji? Akaniambia kila timu inahitaji mtu wa kuogopwa. Nami nilikuwa nimeshatazama ule uwanja nikatafuta weusi wengine wa kuogopwa au wa kulindwa, na kazi yangu ya kutafuta iliisha kabla sijakaa vizuri. Wewe hukutaka kusikia hilo. Ulisema mtoto aingie kwanza kwa mlango uliopo, akishafika ndani atachagua kiti. Basi Twaha akaacha kufunga mabao akajifunza kuvua glavu na kupigana.

Ukaugua. Hapo sikulaumu, ini halina rafiki. Lakini ile alasiri hospitalini, Baba Twaha! Mtoto amesafiri siku nzima kwenye basi, ana alama nyekundu chini ya jicho, amekushika mkono. Wenzako wakifika pale huwaambia watoto wao wasali, wapendane, wamtunze mama yao. Wewe ukamwambia hoki. "Twaha, mchezo huu usiuache mpaka jina la babu yako lisomeke mgongoni kwako kwenye ligi kuu." Kisha ukanigeukia, "Mama Twaha, wewe ni shahidi." Nikaitikia. Mke gani anabishana na mumewe aliye na mipira puani?

Siku ya maziko, kaka yako Hamisi alikuwa amefika kutoka Tabora, akasimama kama ilivyo desturi akawatangazia waliokuwepo: kama kuna anayemdai marehemu, au marehemu alimkosea, ajitokeze kwa familia, au amsamehe kwa ajili ya Mungu. Watu wakaitikia wamesamehe. Twaha alikuwa mstari wa mbele na koleo mkononi, naye akaitikia. Hakujua kama anajisemea mwenyewe, na mimi pia sikujua.

Kwa hiyo akaenda kuutekeleza wasia. Miaka ya mabasi, Baba Twaha, ligi za chini kwenye miji ambayo majina yake niliyajua kwa simu tu, nikipigiwa. Alilipwa mshahara, ndiyo, mchezaji kamili wa kulipwa, na msikitini watu wakaniambia nina bahati. Kila kazi ina ufundi wake. Ufundi wake yeye ulikuwa kumshika mtu jezi kwa mkono mmoja na kumpiga kwa mwingine mpaka mmoja aanguke, kisha wote wawili wakakae kibandani kama watoto wa chekechea. Vidole vyake vya mkono wa kulia havikunji sawasawa sasa. Ukimpa ugali anaumega kwa mkono huo kwa shida, nami hujifanya siangalii.

Kisha ikaja ile baridi alipopandishwa. Klabu ya ligi kuu ilikuwa na majeruhi, wakamwita, na kati ya mechi zake mojawapo ikawa hapahapa Toronto. Alinipa tiketi. Nilivaa koti lako la kazini kwa sababu nilitaka uwepo. Waliingia wanazunguka, na alipogeuka nikalisoma, jina la baba yako, herufi kubwa nyeupe, kutoka bega hadi bega. Nililia kwa sauti. Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu, shabiki wa wenyeji na skafu yake ya bluu, akaniuliza kuna nini, nikamwonyesha.

Akakaa benchi. Kipindi cha kwanza chote, benchi. Cha pili akaingia, na kabla hajaugusa ule mpira wao mweusi bapa, amesimama mbele ya kijana wa wenyeji, glavu zimeshuka. Watu elfu na elfu wakasimama na simu juu. Hujawahi kusikia watu wazima wakishangilia kama vile mtoto wako anapopigwa. Nilijifunika uso kwa mikono ya koti lako. Walipomtoa, mzee wa skafu akanipa mkono wa pongezi, akaniambia kijana wako ni simba. Nikainuka nikatoka, nikamwomba mhudumu wa mlangoni anielekeze alipokaa mama wa yule kijana mwingine. Alidhani namtania. Akanirudisha kitini kwa upole, akanishika kiwiko kama kikongwe aliyepotea.

Nilimsubiri Twaha kwenye ujia wa nje. Akatoka na suti, mdomo umeshonwa. Nikamwambia nimelisoma jina, mimi ndiye shahidi na nimelisoma, wasia umetimia, twende nyumbani. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba bado. Kisha akasema polepole kwa Kiswahili, ili nielewe vizuri au ili asilie, sijui.

"Mama, leo sijacheza. Nimepigana tu. Baba hakuniambia nipigane."

Alisema kweli. Wakamrudisha ligi ya chini wiki hiyohiyo, naye akawa anarudi huko kila msimu, anatafuta mechi moja ya kucheza kweli ili akuletee. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe uliutua kitandani ukaenda zako, mwepesi, na yeye akaubeba.

Kichwa kikaanza. Alinipigia simu akaniuliza amenipigia kwa nini. Alirudi kiangazi akatia chumvi kwenye mchuzi mara mbili, akakasirika mchuzi una chumvi. Mtoto mpole yule alivunja kikombe kwa sababu ndege imepita. Daktari akamwambia ubongo umetikisika mara nyingi mno na pigo jingine linaweza kuwa mwisho wa yeye kujua jina lake. Nilifikiri ndiyo basi. Akaja akalala kwenye chumba chake cha utotoni, akafunga pazia, akaziba chini ya mlango kwa taulo. Na kwenye giza lilelile akaniambia mazoezi ya klabu yanaanza Septemba, atakuwa amepona.

Nikampigia shemeji yangu Hamisi. Nilifikiri yeye ni baba mkubwa, damu yako, akisema neno mtoto atasikia. Nikamweleza yote. Akasema wasia ni wa marehemu, yeye ni nani atengue kauli ya ndugu yake. Halafu akauliza kama Twaha anaweza kumtumia ile jezi ya ligi kuu aitundike sebuleni. Nilikata simu. Baadaye nilimwambia mtandao ulisumbua.

Nikaenda kwa shehe wetu. Yeye hakusita: wasia wenye madhara haumfungi mtu, mtoto aache, wala hana dhambi. Nilirudi nyumbani kwenye basi najisikia kucheka. Nikamweleza Twaha mlangoni pake. Akasema shehe hakumjua Baba. Akasema kama ni dhambi haogopi, anachoogopa ni wewe kumngojea huko uliko.

Umesikia hilo? Unamngojea. Nilikaa jikoni nikakutukana, kwa heshima zote. Halafu nikamkumbuka Hamisi makaburini, amesimama na kanzu yake iliyochafuka udongo: kama marehemu alimkosea mtu, ajitokeze. Nikasema, Twaha hawezi kujitokeza, hata hajui kama amekosewa. Basi aliyekosa ndiye humwendea mwenziwe. Na aliyekosa hana miguu.

Nikakanda unga. Nikakaanga maandazi, nikatoa lile sinia letu lenye kishimo ubavuni, nikatafuta asali. Ilikuwa imebaki kidogo, imeganda, nikaiweka kwenye maji ya moto. Nikabisha kwa mwanangu kama nilivyobisha Weston. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Nikaketi naye sakafuni, sinia katikati yetu, na kwa kuwa kulikuwa giza sikumwona uso vizuri, ikanisaidia.

"Baba yako amekuumiza," nikamwambia. "Nimekuja kukuomba radhi kwa niaba yake."

Akasema, "Baba hakukosa kitu. Baba alinipenda." Nikamwambia, "Najua alikupenda, nilikuwepo alipoanguka kwenye barafu, lakini hata mwenye kupenda hukosa, na sinia ni zito." Hapo nikasikia anacheka. Kicheko chako kabisa, kile cha makalio barafuni, na kama chako kikageuka machozi. Nilimshika kile kichwa, Baba Twaha, kichwa nilichokiosha kwenye karai, nikakishika mpaka akatulia.

Alipotulia akasema, kwa Kiswahili, neno kwa neno: "Mwambie Baba nimeacha. Mimi siwezi kumwambia. Wewe ndiye shahidi."

Ndilo neno nililotumwa, nimelifikisha. Twaha ameacha. Septemba itakuja na kwenda, klabu imeshaambiwa, na yeye ataamka saa anayotaka. Ukichukia, nichukie mimi, maana ulinipa ushahidi bila kuniuliza na leo nimeutumia. Bado nimekukasirikia, wala usidhani yamekwisha kwa sinia moja. Mimi na wewe tutaonana na tutayazungumza vizuri, na siku hiyo hutaniachia mimi niseme peke yangu mlangoni.

Lakini usimngojee tena mwanangu. Pumzika. Alikula maandazi yote, Baba Twaha. Yote, na asali akaipangusa kwa kidole.

Mkeo, na shahidi wako,
Mama Twaha